Shakira Lazima Atoke Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Swafiya amesema. Mke wangu akisema huwa harudii. Jumapili watu wa mchumba wake Muhire wanakuja kumposa binti yetu Shakira, hema litafungwa uani, na uani kuna boti yangu ya uvuvi. Ama boti itoke ama mimi mumewe nitoke. Nikamkumbusha kwamba boti hiyo itatulisha samaki wa ziwa Muhazi hadi uzeeni. Akasema tangu lori liibwage hapa na tela lake imelisha panya tu.

Nimeumia. Wiki iliyopita niliipaka rangi, na ubavuni nikaandika SHAKIRA kwa herufi nyekundu, zawadi kwa binti. Aliiona akalia. Nilidhani ni furaha.

Jirani Karangwa naye akachungulia juu ya ukuta, kawaida yake. Ana Land Cruiser, kwa hiyo ana maoni. "Mzee Usumani, hii boti iko kubwa kuriko pikapu yako. Mimi navuta bure, reo reo." Nikamwambia ni leo, si reo. Babu yangu alikuja nchi hii kutoka Bagamoyo na majora ya nguo, na katika ukoo wetu r ni r na l ni l. Pikapu yangu ilikuwa inabeba vitambaa vya soko la Kimironko wakati Karangwa anapanda baiskeli. Bure yake abaki nayo.

Jumanne, 26 Agosti

Mawazo mazuri hunijia nikiwa na hasira. Pikapu haina chuma cha kuvutia tela? Nitashona. Mimi ni fundi cherehani. Nimefunga kibanda mapema, nikaunganisha mikanda ya viti vya magari mabovu, mshono mara nne, uzi wa viatu. Wateja walalamike. Hakuna mshono wangu uliowahi kufumuka.

Boti nitaipeleka Remera kwa rafiki yangu Habiyaremye, ana yadi kubwa ya mbao. Nilimwandikia: "Shakira lazima atoke kwangu kabla ya Jumapili. Amenichosha mimi na Swafiya. Una mahali?" Akajibu: "Mzee wangu, umenifurahisha sana. Mahari iko. Reta yeye Jumamosi, Kaze nitamwambia reo." Kaze ni mwanawe, ndiye anayeshika funguo za yadi.

Mahari! Nilitaka kuitupa simu. Tulisoma darasa moja, mwalimu mmoja, na bado hawezi kuandika mahali. Nimemsahihisha mara ngapi? Safari hii nimemwacha, kwa sababu nina shida na yadi yake.

Alhamisi, 28 Agosti

Habiyaremye ananitia kichaa. Leo anauliza kama Shakira mwenyewe amekubali. Boti ikubali! Nikamjibu hakuna aliyemwuliza, nitamfunga mkanda na kumvuta. Akaandika kwamba siku hizi mambo ya nguvu yana sheria. Sheria za barabarani anifundishe yeye, mtu asiye hata na leseni. Nikamwambia nitapita njia za ndani.

Akauliza tena, hali yake ikoje. Nikasema ukweli, sipendi kumficha rafiki: upande mmoja amebonyea, lakini nimempaka rangi mpya. Kisha akasema Kaze ni kijana mwenye moyo mzuri. Sijui hilo linahusu nini.

Jumamosi, 30 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa tayari, mkanda umefungwa kwenye bampa. Injini ikawa tayari saa mbili. Kutoka kwangu hadi lami ni mlima mmoja, mfupi lakini una roho mbaya. Pikapu ikanguruma, ikatoa moshi, magurudumu ya mbele yakawa mepesi hata usukani ukawa pambo. Nikafika nusu. Nikatazama juu: barabara imejaa watu na majembe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya lazima, njia zimefungwa, mtaa wetu wote wa Kagugu unazibua mtaro na mimi ndiye niliyewaletea tamasha.

Mbele kabisa Karangwa, jembe begani, viatu havina tope. Akanipigia kelele niweke jiwe nyuma ya tela. Kwa kuwa ni yeye aliyesema, nikakanyaga mafuta.

Bampa iking'oka hulia vibaya. Boti ikarudi nyuma taratibu, kisha si taratibu tena, ikashuka mlima wote peke yake, ikaingia getini, ikalizoa hema ambalo Swafiya alikuwa amemaliza kulifunga, ikasimama pale pale ilipokuwa. Nguzo ya geti imepinda, na sasa boti haipiti hata ikivutwa na Land Cruiser. Hakuna aliyeumia. Walicheka wote, wameegemea majembe.

Mkanda nimeukagua. Mshono haukufumuka hata uzi mmoja.

Habiyaremye ameandika siku nzima. Kaze amevaa suti tangu asubuhi, anangoja. Suti ya kufungulia yadi! Nikamjibu kwa hasira: "Shakira ametoroka njiani, amerudi nyumbani. Kesho njoo na wanaume wenye nguvu tumtoe."

Jumapili, 31 Agosti

Tulikaa pande mbili za boti, watu wa Muhire kulia, sisi kushoto, tunaonana vichwa tu. Mjomba wa Muhire alikuwa ndiyo kwanza anafikia maneno ya kuomba mke, lori la mbao likasimama nje. Habiyaremye. Kaze na suti yake. Wanaume wenye nguvu. Na ng'ombe.

Habiyaremye akasema amekuja kumchukua Shakira kama tulivyopatana, mahari ndiyo hii, na kwamba yeye binafsi hapendi mambo ya kumvuta mtoto kwa mkanda. Mjomba akaniomba maelezo. Nikaanza kueleza tofauti ya r na l. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimefika kwa babu yangu wa Bagamoyo wakati Shakira alipochukua simu ya Habiyaremye na kusoma yote kwa sauti, mpaka ile rangi mpya. Kisha akaenda akaweka mkono juu ya jina lake kwenye boti. Hakulia. Afadhali angelia.

Muhire alicheka, Mungu ambariki. Mjomba hakucheka. Watarudi Jumapili ijayo, ila si hapa. Wataketi kwa Karangwa, ana uwanja. Na Shakira amemwomba Karangwa awe msemaji wa familia. Nikamwuliza, na mimi babako? Akasema kutakuwa na mahali pangu, nyuma kidogo. Aliitamka l vizuri sana. Nimemfundisha mwenyewe.

Jumatatu, 1 Septemba

Sikulala kwa hasira. Lakini mtu mzima akikosea hujirekebisha, na kosa nimeliona. Kosa ni neno mahali. Watu wasiojua r na l wasipewe neno kama hilo.

Swafiya hasemi nami tangu jana. Kwa hiyo asubuhi nimefuta jina la boti, nikaandika SWAFIYA, herufi nyekundu, kubwa kuliko zile za kwanza, kumpoza moyo. Kisha nikaandikia kundi letu la simu, mafundi wote wa Kimironko pamoja na wauza vitenge, ambao Swafiya ni mmoja wao: "Natafuta mwenye nafasi ya kumweka Swafiya. Umri umekwenda, ni mzito, na kumtoa nyumbani kumenishinda. Mwenye gari kubwa aje amvute, bure."

Nafasi, si mahali. Mtu hujifunza.

Majibu yameanza kumiminika. Swafiya naye anatoka jikoni, simu mkononi. Nadhani ameliona jina, anakuja kunishukuru.