Mkokoteni Uliotangulia Salamu

Umma wa kisiwa cha Mombasa unajulishwa, kwa fahari ambayo ofisi hii haina sababu ya kuificha, kwamba Tume ya Kuhamishia Michezo ya Zamani Kwenye Mashine Mpya imefaulu katika kila jambo ililokusudia, na katika jambo moja ambalo haikulikusudia. Mimi, Nicodemus Kasyoka, Katibu wa Kanuni, ndiye mwandishi wa taarifa hii. Nilisomea shule ya bweni, ambako tulifunzwa kwamba kanuni inayomwogopa mkubwa si kanuni, ni ushauri.

Tume iliundwa baada ya kubainika kwamba vijana wa Mji wa Kale bado wanacheza gemu kwenye mashine za kizamani, ambazo sharti zipigwe kofi la ubavuni ndipo ziwake. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Maxwell Kingi, aliona aibu kwa niaba ya kisiwa kizima. Akaagiza mashine mpya, nyeusi, nyembamba kama sinia, yenye kasi ambayo, kwa mujibu wa boksi lake, haijapata kuonekana duniani. Kisha akaamuru kwamba mchezo wa kwanza kuhamishwa uwe "Hamali".

"Hamali" ni mchezo uliotungwa papa hapa, zamani kidogo, na Bi Nasiha pamoja na nduguye. Bi Nasiha ana ukumbi mdogo wa gemu huko Kuze, Mji wa Kale, na ndio unaomlisha yeye na wanawe. Katika mchezo huo, mchezaji husukuma mkokoteni wa ndizi kutoka soko la Marikiti, akapenya vichochoro, hadi Bandari ya Kale. Sharti ni moja. Kila penye baraza pana watu wameketi, na hamali haruhusiwi kupita kabla ya kuwasalimu na kusubiri ajibiwe. Asiposubiri, sauti hutoka barazani: "Kijana, rudi ulikotoka!" Na mkokoteni hurudishwa Marikiti na ndizi zake.

Changamoto ya kwanza ilikuwa picha. Mchezo ulichorwa kwa skrini ya mraba, na skrini za leo ni pana. Mhandisi wa Tume, Bi Trizah Ndinda, alipendekeza tuache nafasi nyeusi kushoto na kulia. Mwenyekiti alikataa kuiacha skrini ya umma ikae bila kazi. Picha ikavutwa pande zote mbili hadi ikajaa. Wauza maboga wa Marikiti, waliochorwa wembamba, sasa wamenenepa kupita vibanda vyao. Tume iliweka kumbukumbu kwamba hali ya lishe imeimarika.

Changamoto ya pili ilikuwa kasi, na hiyo ndiyo iliyotuweka mezani.

"Mheshimiwa," alisema Bi Trizah, "gemu hii haina saa ndani yake. Hupima wakati kwa pumzi za mashine. Ile ya zamani ilipumua polepole, kwa hivyo mtu wa barazani alipata nafasi ya kujibu. Hii mpya inapumua kama aliyefukuzwa na mbwa. Hamali akitoa salamu, kabla hajajibiwa, mkokoteni umeshaipita baraza."

"Basi wa barazani ajibu upesi," alisema Mwenyekiti.

"Jibu ni sauti ya mtu iliyorekodiwa, Mheshimiwa. Ukiikimbiza, atalia kama kifaranga."

"Dawa yake?"

"Kuiambia mashine isubiri. Nipe idhini niipunguze kasi, kwa mchezo huu tu."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Bi Trizah, umma umenunua kasi. Wataka nirudi kwa umma huo huo niuambie kwamba kasi tuliyoununulia tumeizima?"

Ilipitishwa, bila ya sauti kupinga isipokuwa ya mhandisi, kwamba mashine haina kosa, na kwamba mwenye kosa ni mchezaji asiyejibidiisha. Nikaagizwa kutunga kanuni. Niliitunga kwa mkono wangu na ninaijua kwa moyo: ukumbi wowote ambamo mkokoteni utarudishwa Marikiti mara tatu mfululizo mbele ya Tume, kwenye mashine mpya, mlango wake utafungwa na kutiwa lakiri, bila kutazama mwenye ukumbi ni nani. Mwenyekiti, ambaye hapendi ucheleweshaji, aliongeza maneno mawili kwa kalamu yake mwenyewe: papo hapo.

Wiki iliyofuata Bi Nasiha alifika ofisini kwetu Ganjoni.

"Salaam alaikum, Bwana Katibu. Hujambo?"

"Alaikum salaam. Sijambo."

"Wa hali gani? Nyumbani hawajambo? Watoto?"

"Wote salama, Bi Nasiha. Eleza shida yako."

"Shida yangu ni hiyo mashine yenu mliyoniletea Kuze. Leseni yangu yamalizika, naambiwa sipewi nyingine mpaka niufikishe mkokoteni bandarini mbele yenu. Na haufiki! Nimejaribu hadi vidole vimevimba. Gemu nimeitunga mimi, na mimi mwenyewe narudishwa Marikiti kama mwizi wa ndizi."

"Kanuni ni kanuni."

"Na ukumbi ukifungwa, wanangu niwapikie kanuni?"

Nilimfahamisha kwamba swali hilo liko nje ya mamlaka yangu. Alinitazama kidogo.

"Hebu niambie, Bwana Katibu. Kanuni hii ni ya sisi watu wa vichochoroni peke yetu?"

"Ni ya kila ukumbi," nilimjibu, na sikuficha fahari yangu. "Jina la mwenyewe halitazamwi."

"Haya. Mungu akuweke."

Jaribio lilipangwa kufanyika ukumbini kwake, kama ilivyo desturi. Lakini gari la Mheshimiwa haliingii Kuze. Kichochoro ni chembamba, na gari ni pana kuliko wauza maboga. Dereva alipendekeza waache gari barabarani watembee. Mwenyekiti alimuuliza kama amechoka na kazi. Ikabidi Bi Nasiha aitwe Ganjoni, na jaribio lihamishiwe katika ukumbi wa Tume, ambao pia ndio mapokezi na ofisi yetu, mbele ya wageni waalikwa, wanahabari na sambusa.

Bi Nasiha alifika na wanawe wawili na nusu ya mtaa wake. Mashine iliwashwa. Alipounyosha mkono kukichukua kidhibiti, Mwenyekiti alimtangulia.

"Ngoja, mama. Watu hawa wasije wakasema Tume yadai lisilowezekana. Nitaonyesha mimi kwanza."

"Mheshimiwa," alinong'ona Bi Trizah, "tafadhali usi..."

"Keti, Mhandisi."

Ifahamike kwamba Mheshimiwa Kingi ni mzaliwa wa pwani hii, na alilelewa vyema. Ila tangu apewe gari lenye vioo vyeusi hajapata haja ya kumsalimu mtu njiani, na kiungo kisichotumika hulegea. Mkokoteni ulitoka Marikiti mfano wa risasi. Baraza ya kwanza ikapita bila yeye kuiona.

"Kijana, rudi ulikotoka!"

Wageni walicheka kwa adabu. Mwenyekiti alikohoa.

"Nilikuwa naipasha moto."

Safari ya pili alikumbuka kubonyeza kitufe cha salamu. "Salaam alaikum!" ilisema mashine, na kabla ya herufi ya kwanza ya jibu mkokoteni ulikuwa umeshakunja kona.

"Kijana, rudi ulikotoka!"

"Lakini nimesalimu!" alifoka Mwenyekiti. "Nyote mmesikia!"

"Umesalimu, Mheshimiwa," alisema Bi Nasiha kwa upole. "Hukungoja."

"Nitangojaje na hili dude lakimbia?"

"Ndilo swali langu la tangu wiki jana."

Safari ya tatu alisalimu mapema, kutoka mbali, akiwa bado sokoni katikati ya matikiti. Barazani hawakumsikia. Akarudishwa Marikiti, na sauti ile ile ikamsindikiza.

Nilisimama. Nilikuwa na lakiri mfukoni, kwa ajili ya Kuze. Niliusoma waraka wa kanuni kwa sauti, neno kwa neno, nikayatilia mkazo maneno mawili ya mwisho. Kisha nikawaomba wageni watoke nje, kwa kuwa ukumbi huu, ambao mwenyewe hatazamwi, umeshindwa jaribio mbele ya Tume. Walitoka upesi. Wengine walirudi kuchukua sambusa.

"Mheshimiwa," nilisema, "mlango unafungwa."

"Subiri kidogo, Kasyoka," alisema bila kugeuza macho. "Nimeshaijua siri yake."

Kanuni haikutaja kusubiri. Ilitaja papo hapo. Niliuvuta mlango na kuutia lakiri.

Alitambua baada ya muda. Mlango ulipigwa ngumi.

"Kasyoka! Fungua!"

"Mheshimiwa, ombi la kuondoa lakiri hupigwa mhuri na karani wa mapokezi kwenye kaunta yake."

"Basi mwambie aupige!"

"Kaunta iko huko ndani, Mheshimiwa, na karani yuko huku nje. Na hakuna aruhusiwaye kuingia mahali palipotiwa lakiri. Kifungu hicho ulikisifu sana."

Aliyoyasema baada ya hapo hayahusiani na kazi za Tume.

Habari zilipenya Ganjoni, zikafika Buxton na Marikiti, kwamba Mheshimiwa Kingi yumo ofisini. Wengi hawakuamini. Watu waliokuwa wakiambiwa tangu mwaka juzi kwamba yuko mkutanoni, au yuko njiani, au ametoka sasa hivi, waliacha biashara zao wakaja kujionea. Walimkuta. Anaonekana vizuri kupitia nondo za dirisha, ameketi mezani, ana kalamu. Foleni ikajipanga yenyewe, jambo ambalo idara nyingine limezishinda. Mchuuzi mmoja alitokwa na machozi aliposainiwa kibali cha kibanda chake.

Bi Trizah alipitisha nondoni idhini ya kuzipunguza kasi mashine za kumbini na kuiachia picha nafasi nyeusi pembeni, na ilisainiwa bila hotuba. Hamali sasa anasubiri ajibiwe, na wauza maboga wamerudi katika unene wao wa kawaida. Kwa maoni yangu, Tume haijawahi kufanya kazi kubwa kama iliyofanya tangu ilipofungwa.

Asubuhi ya pili Bi Nasiha alifika dirishani na leseni yake. Mwenyekiti alipenyeza mkono kuipokea, maana foleni bado ilikuwa ndefu.

"Lete hapa, mama, nisaini."

Bi Nasiha hakuitoa.

"Salaam alaikum, Mheshimiwa."

"Alaikum salaam. Haya, lete."

"Hujambo?"

"Sijambo, sijambo."

"Wa hali gani? Umelalaje? Nyumbani hawajambo? Na mamako, ule mguu umempoa?"

Mwenyekiti alitazama mlango. Alinitazama mimi. Kisha akaiweka kalamu mezani, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akajibu swali moja baada ya jingine.