Mashitaka Dhidi ya Mjukuu Wangu Blessing, Mkatishaji wa Sala

Kilolo, Jumamosi jioni

Kwa Mchungaji wangu mpendwa katika Bwana,

Neema na amani ziwe nawe, na mama mchungaji, na wote wanaokula mezani kwako. Sisi huku tu wazima, ukungu haujatuondoka, na viazi mwaka huu vimekubali. Nakuandikia nikiwa mzee wa kanisa, ili kumshitaki mbele yako mjukuu wangu Blessing, binti wa mwanangu Jofrey, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema.

Maneno yake ni machache: uji, babu, sitaki, na Amina. Hilo la mwisho ndilo linalonileta kwako. Hakufundishwa na mtu. Aliketi mezani kwetu, akachunguza, akabaini kwamba sufuria haifunuliwi mpaka neno hilo litamkwe. Basi akaona hakuna haja ya kunisubiri mimi nilitamke.

1. Jofrey ni dereva wa lori la mbao, na kila jioni kabla ya chakula mimi humsindikiza kwa sala. Sala yangu hufuata barabara, kwa kuwa sipendi kumrukisha Mwenyezi mahali: hutoka Kilolo, hupita Iringa mjini, Mafinga, Nyololo, Makambako na Igawa, hata Mbeya, nikitaja kona, matuta, breki, na madereva wenzake waliokunywa. Siku hizi nikifika Nyololo tu, Blessing husema Amina. Nyumba nzima huitika Amina. Mke wangu Faustina hufunua ugali na kuniambia, "Mtoto keshafunga, baba Jofrey, mboga inapoa."

Tangu mavuno, mwanangu hajavuka Nyololo katika sala zangu, ingawa lori lake huvuka kila wiki. Kutoka hapo hadi Mbeya anaendesha bila kuombewa na baba yake. Mkwe wangu Tusekile, mama wa mtoto, ambaye kwao ni huko huko Mbeya, ameniuliza kwa adabu, "Baba, mbona kwetu hamfiki siku hizi? Tumewakosea nini?" Binti yake alikuwa amekwisha kushiba.

2. Jumapili ile uliyosafiri nilipewa sala ya kufunga ibada. Nilikuwa nimewaombea viongozi, wagonjwa na wajane, nikavuta pumzi ili niingie kwa wakulima. Ndani ya pumzi hiyo Blessing alisema Amina. Waumini wote waliitika kwa nguvu ambayo sijapata kuisikia hata Pasaka, wakasimama, na kwaya ikaanza kutoka nje. Siwalaumu, Mkristo akisikia Amina huitika Amina. Lakini wakulima wa mtaa huu hawajaombewa hadi leo, na mahindi yamekwisha kupandwa.

3. Katika ibada za jumuiya, zamani wenye nyumba walinialika mimi, Mzee Sedekia, nije na familia. Sasa humwalika Blessing aje na babu yake. Humketisha mkekani mbele yangu, humpa kiazi cha kuchemsha, na akishatamka humshukuru kama mtumishi aliyetoka mbali. Mama Sifaeli alimwalika hata wiki ambayo mimi nilikuwa kitandani na mafua. Walimtaka kwa ajili ya mwinjilisti, ambaye sala zake nazo ni ndefu.

4. Jirani yangu Saulo ana mbuzi aliyekula maharage yangu. Nilimweleza kosa lake kwa utaratibu, naye akajibu kwamba mbuzi wake hali maharage. Blessing, aliyekuwa begani kwangu, alisema Amina. Tangu hapo Saulo huhesabu shauri hilo kuwa limekwisha.

5. Nilipolifikisha jambo hili kwa wazee wenzangu, Mzee Aroni alisema, "Sedekia, wewe ulikuwa huna breki kama lori bovu. Bwana amekufungia moja, tena bure." Wakacheka, Mchungaji, wazee wa kanisa, ndani ya ofisi ya kanisa. Kisha wakapendekeza nipumzishwe kuomba hadharani mpaka mtoto aanze shule. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Mimi siimbi, sipigi tarumbeta, na macho yangu hayasomi tena maandishi madogo. Kuomba ndiyo kazi niliyobaki nayo katika nyumba ya Bwana.

Kwa hiyo nakusihi utende mojawapo kati ya haya. Ama mtoto awekwe chini ya marudi ya kanisa mpaka atakapojifunza maneno mengine yote. Ama utangaze madhabahuni kwamba Amina ya asiye na kipaimara haifungi sala ya mtu mzima. Ama uniruhusu niombe kuanzia Mbeya nikirudi nyuma. Ila nimelipima hilo, nikaona kwamba kwa njia hiyo Kilolo ndiyo itakayobaki nje, nami ndiko ninakoishi.

Naomba pia unieleze, kwa mujibu wa mafundisho yetu, sala iliyokatwa Nyololo hungoja wapi.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na mwinjilisti, na wanakwaya, na Mzee Aroni nimemsamehe kwa kiasi.

Mimi ndugu yako katika kazi ya Bwana,
Sedekia Kihwele

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi nilipoitwa kula. Jofrey bado yuko njiani. Blessing alifumbata mikono kabla sijafumbata yangu, akaanza kuomba mwenyewe. Sehemu kubwa sikuielewa, ila nilisikia baba, nikasikia gari, kisha baba tena, kisha ng'ombe, kisha akarudi mwanzo. Akaendelea. Ugali ulianza kukauka juu. Mboga ilikuwa maharage yenye karanga, Mchungaji, na mchana sikuwa nimekula. Basi alipokuwa katikati nilisema Amina, na nyumba nzima ikaitika.

Mashitaka haya nayaondoa. Mtoto alifumbua macho akanitazama mimi peke yangu, wala hakugusa chakula. Alikuwa hajamaliza, na sijui alikuwa amemfikisha baba yake wapi.