Malalamiko Dhidi ya Kikosi Kinachozima Moto Ovyo

Mheshimiwa Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto, ambaye pia ni shemeji yangu,

Pokea salamu zangu na heshima zote za cheo chako. Ningeweza kuvuka barabara nikakueleza haya sebuleni kwako, lakini dada yako amenipiga marufuku kuzungumzia moto mbele ya watoto, hasa wakati wa kula. Kwa hiyo nakuandikia kiofisi.

Kazi yangu unaijua, ingawa hujawahi kuipenda. Kiwanda kikiungua, kampuni ya bima humlipa mwenye kiwanda, kisha hunituma mimi nimsake aliyesababisha hasara ili arudishe fedha hizo. Sasa nimekabidhiwa kile kiwanda cha mishumaa kilichoungua mwezi uliopita. Najua kabisa kwamba mtambo wa kuyeyushia nta ndio ulioanzisha moto, na waliouuza wanajua kwamba najua. Kazi ni kuthibitisha, na hapo ndipo vijana wako waliponimaliza. Bosi amesema nikishindwa kesi hii nahamishiwa madai ya magari, nikagombanie vioo vya pembeni mpaka nistaafu. Shemeji, kwa umri huu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji. Vijana wako wanamwaga maji bila kuuliza. Sakafu ya kiwanda ilikuwa na alama nzuri kabisa za kuonyesha moto ulipoanzia. Zimeoshwa zote. Nta nayo ilipopoa ikaganda juu ya kila kitu, na mtambo wangu sasa umo ndani ya bonge kubwa jeupe. Mtaalamu wangu analichonga kwa patasi, huku wakili wa wauzaji amesimama pembeni akitabasamu.

2. Haraka. Mlifika mapema mno. Moto ukizimwa ungali mdogo, hasara nayo inakuwa ndogo, na hasara ndogo hupewa mawakili wanaoanza kazi. Sisemi mchelewe. Nasema tu mngeweza kuegesha gari vizuri kwanza.

3. Shoka. Yule jamaa wa miraba minne mnayemwita Kifaru alivunja mlango ambao haukuwa umefungwa, akausukuma mtambo hadi ukutani ili apite. Katika kazi yetu hata msumari haung'olewi mpaka kila anayeweza kulaumiwa aitwe, aje na mtaalamu wake, apige picha, akane. Kifaru hakumwita mtu.

4. Mlinzi. Hapa naomba nisieleweke vibaya, maana sina ugomvi na mlinzi wa kiwanda wala sikumtakia mabaya. Lakini alikuwa katika chumba hichohicho cha mtambo, na Kifaru akambeba mgongoni huku akikanyaga nyaya, fyuzi na kila nilichokihitaji. Chumba kile kina dirisha, nimeliona kwenye picha. Kwa nini mtu mzima asitokee dirishani? Uokoaji wa namna hii unapendelea upande mmoja wa kesi.

5. Kwa hiyo naomba kila gari la zimamoto libebe wakili, apewe kofia ngumu na kiti cha mbele, na askari yeyote asiguse kitu wala mtu mpaka wakili aruhusu.

Nisalimie mkeo na watoto. Mwambie mama mkwe dawa yake ya mgongo nitaipitisha kesho. Wasalimie na vijana wote kikosini, Kifaru awe wa mwisho.

Ni mimi, mwenye majonzi ya kikazi,
Shemeji yako, Wakili

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, mhudumu wa mapokezi akaja kuniambia nina mgeni. Ni yule mlinzi, mkono umefungwa bandeji. Kumbe mchana wa siku ile fundi wa wauzaji alipita kiwandani, akang'oa kifaa cha kudhibiti joto, akaunganisha nyaya moja kwa moja na kumwambia, "Mashine hii sasa haitazimikazimika tena, mzee." Jioni mlinzi akasikia harufu, akaingia kuuzima mtambo, moto ukamzingira humo.

Kesi nimeipata, shemeji. Ninaye mtu aliyeona kwa macho yake, na ninaye kwa sababu Kifaru hakungoja ruhusa ya wakili. Tafadhali futa yote niliyoandika, kuanzia la kwanza.

Nimeona haya kumwuliza, lakini nimemwuliza: kwa nini hakutokea dirishani? Amenitazama kidogo, akasema dirisha lile lina nondo.