Boneti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Habari kubwa! Macho ya baba mkwe yamechoka, daktari kamkataza kuendesha. Gari lake jekundu atampa mkwe mmoja: mimi au Gundi. Gundi ni mwanyumba wangu, fundi seremala, kamuoa dada wa mke wangu. Jina hilo nimempa mimi, kwa jinsi anavyomganda mzee. Uamuzi ni Jumamosi. Nimekaa, nimesimama, nimehamisha kiti. Mke wangu kaniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Jumanne, 5 Machi
Nimewahi kwa mzee. Nimemwambia gari lisafishwe kabla ya kukabidhiwa, na msafishaji niwe mimi. Kakubali, ila nimshirikishe mwenzangu. Mwenzangu! Nimeitika ndiyo baba, huku roho inaniuma.

Nimeanza na ndani. Chini ya kiti nimekuta pipi iliyoota manyoya na jino la bandia la mama mkwe, lililopotea tangu mwaka jana. Nimempelekea mbio. Kanishuku kwamba nililificha mimi.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Gundi afanye kazi, sifa nichukue mimi. Nimemfuata karakanani kwake, mpole kabisa. Nimemwambia boneti ya mzee imefubaa, kesho aipige msasa mpaka ajione uso. Kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba hilo hata mtoto analijua. Kakuna kichwa, kakubali. Kanasa!

Alhamisi, 7 Machi
Nimefungua boneti kabla Gundi hajafika. Injini imegandwa na mafuta na vumbi, aibu tupu. Jirani, dereva wa lori, kachungulia ukutani. Eti nichomoe betri, nifunike nyaya kwa nailoni, nifute kwa kitambaa chenye unyevu. Nikamwambia akahangaike na lori lake.

Nimefungulia mpira wa maji mpaka mwisho. Povu! Injini imetakata kama sahani. Nikapiga stata. Gari likakohoa. Nikapiga tena. Kimya. Nikafunga boneti taratibu na kwenda zangu kunywa chai. Gundi ndiye atakayekutwa nalo.

Ijumaa, 8 Machi
Gundi kapiga msasa. Msasa wenyewe! Ile karatasi ya kusugulia mbao! Rangi yote imekwenda, boneti imebaki bati tupu. Uso wangu nimeuona kweli, na haupendezi.

Nimemfokea kwamba nilimaanisha aipendezeshe, kama watu wanavyosema hotuba ipigwe msasa. Kanijibu kwamba kwake msasa ni msasa, na hotuba yenye boneti hajawahi kuiona. Nikamshauri tumsingizie paka. Kakataa. Basi kutu! Kakataa. Anasema atamweleza mzee mwenyewe. Nikamvuta shati, nikabaki na kifungo mkononi.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee kaipapasa boneti kwa kiganja, taratibu. Kauliza nani kafanya haya. Nikaitazama miguu yangu. Gundi kasema ni yeye, alielewa vibaya, na rangi ataipaka yeye. Kaongeza kwamba injini aliikuta imelowa, kaikausha, kabadilisha plagi. Wakapiga stata. Likawaka! Mzee kampa funguo palepale.

Gundi hakulitaja jina langu hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko gari lenyewe. Kisha kanipa lifti mpaka nyumbani. Nimekaa kiti cha nyuma, nilichokisugua mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi
Sikupata usingizi, nimetafakari sana. Kosa nimeliona: nilimshirikisha mtu.

Na leo bahati imerudi! Mama mkwe ananunua friji jipya, la zamani atampa mkwe atakayelitunza. Nimemwahi Gundi. Friji nimeshaliburuta uani, nimeligeuza mgongo, penye mashine na nyaya. Vumbi la ajabu! Jirani kachungulia tena ukutani, anapiga kelele kuhusu kitambaa chenye unyevu.

Simsikii vizuri. Nimeshafungulia maji.