Kumficha Kisiki

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu ametoa hukumu. Mimi na kaka yake tupambane Jumamosi ijayo, mbele ya watu. Atakayeshinda achukue dirisha. Atakayeshindwa ahamie nyuma, ubavuni mwa mlango wa choo, na asisikike tena akilalamika wakati watu wanakula.

Chumba hiki cha kazi nilikitafuta mwenyewe, nikakipaka rangi mwenyewe. Sikurithi hata bisibisi. Natengeneza feni, pasi na redio, na waya za feni ni nyembamba kama nywele za kichanga. Zinataka mwanga. Dirisha ni moja. Shemeji alikuja na cherehani yake kukaa wiki moja, akijipanga. Huu mwaka wa pili bado anajipanga. Dirishani.

Mchezo wenyewe ni Vita vya Madubwana. Mke wangu anasema ameuchagua kwa sababu hatuna mazungumzo mengine. Kila mtu anaunda kikosi cha madubwana sita kwenye simu, halafu vikosi vinapigana kwa zamu. Tunachezea ukumbini, juu ya duka la mikate. Daraja letu ni la tatu, la mwisho kabisa. Wenyewe tunaliita Makapi, kwa kuwa huku wanaruhusiwa wale tu ambao madaraja ya juu hayawataki. Watu wanatucheka. Waache wacheke. Kushinda kwa dubwana bora, nani asiyeweza? Kuunda kikosi kwa makapi ndiko kunakotaka akili.

Shemeji hana akili hiyo. Anapanga kikosi kwa rangi. Sifanyi mzaha. Sita wote kijani. Nilimuuliza ngao yake ni nani, mshambuliaji wake ni nani. Akasema, wewe shem, huoni wanavyopendeza wakikaa pamoja? Ana ushindi mwingi kuliko mimi. Jambo hili nimelitafakari hadi kichwa kikauma.

Jumapili, 8 Juni

Nimepata. Nimepata, nimepata.

Nilikuwa nimelala chali napitia orodha ya Makapi kuanzia chini, mahali ambapo watu hawafiki. Wa mwisho kabisa anaitwa Kisiki. Ni gogo lenye macho. Mbio zake ni 5. Nzige wa Shemeji ana 118. Kwa hiyo Kisiki daima anapiga wa mwisho, na kabla zamu yake haijafika ameshakufa. Hana anayemtaka.

Lakini nguvu yake ya kupiga ni 140! Huku Makapi hakuna anayefika 110.

Sasa mweke pamoja na Saa Mbovu. Huyu kazi yake ni moja: anageuza mpangilio wa zamu, na kwa zamu tano mfululizo mwenye mbio ndogo anatangulia. Ya kwanza anaitumia yeye mwenyewe kugeuza. Zinabaki nne. Kisiki anaingia, anatangulia, anapiga mara nne. Madubwana wanne wa kijani chini. Wawili waliosalia hata kikombe cha chai kinawamaliza.

Kuna hatari moja tu. Kila Ijumaa Msajili wa ukumbi, mama mfamasia, anatoa hesabu ya wiki. Dubwana akionekana katika zaidi ya mechi moja kwa kila tano, anapandishwa Daraja la Pili, na huku kwetu anapigwa marufuku papo hapo. Wazuri wetu wote wameondoka hivyo. Watu wakigundua kitu kizuri wanakivamia mpaka kinachukuliwa.

Kwa hiyo siri. Nitafunga mdomo mpaka Jumamosi. Hata mke wangu sijamwambia, ingawa hajauliza.

Jumatatu, 9 Juni

Mtambo usiojaribiwa haupelekwi kwa mteja. Hiyo ni kanuni yangu ya kazi. Nilihitaji mtu mmoja wa kujaribia, mtulivu, asiye na makuu.

Nilimchagua Kinyozi. Nilimpiga sita kwa sifuri. Alikaa akiitazama simu kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akaniuliza lile gogo ni nini. Nikamwambia, baada ya kumwapisha. Akaapa kwa mashine yake ya kunyolea. Akasema, kaka, wewe ni fundi kweli, nani angefikiria? Nikamweleza zaidi. Nikamchorea na mchoro.

Naona sasa kwamba kuna kosa. Kinyozi kazi yake ni kushika vichwa vya watu na kuzungumza.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda ukumbini baada ya kazi. Fundi Bomba ana Kisiki. Dada wa saluni ana Kisiki. Mzee wa picha za pasipoti, ambaye mwaka mzima hajashinda mechi hata kwa bahati mbaya, ana Kisiki, na ameshinda mbili. Ananiambia mwanangu, umeliona hili gogo? Ananieleza mimi! Kuhusu Saa Mbovu! Tena anakosea idadi ya zamu.

Nilimshika Kinyozi ngazini. Akasema hajamwambia mtu. Ila mteja mmoja alimuuliza kama kuna jipya. Na wateja wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi. Na ana mdomo mmoja tu, sasa akae kimya mtu yuko kitini?

Shemeji yeye hajui lolote. Yuko dirishani anashona sare za kwaya na kuimba.

Nimekaa chini nikapiga hesabu. Mechi za Makapi kwa wiki huzidi mia kidogo. Kikomo kwa hiyo ni ishirini na ushei. Nimewauliza mmoja mmoja, kwa ujanja, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Jumla yao hadi leo ni mechi nane. Kukiwa na siku mbili zaidi, na kila siku wakiongezeka hivi, tutapita.

Lazima Kisiki achukiwe. Leo hii.

Na mtu huchukia kitu akiona kinavyomwangusha mwenzake. Mpango umenijia nikiwa bado ngazini. Nitamchezesha Kisiki hadharani, kwenye skrini kubwa, na nitashindwa. Nitashindwa vibaya. Mwenye akili akiona mimi, mimi mwenyewe, naaibishwa na gogo lile, atalitupa.

Nimeanza papo hapo. Nimeshindwa mechi sita. Kushindwa makusudi ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ya tano karibu nishinde, kwa sababu niliyekuwa nacheza naye alikuwa anakula. Ilibidi nimwingize Kisiki bila kugeuza zamu, mbele ya dubwana wa moto. Gogo. Mbele ya moto. Ukumbi mzima ukasema loo.

Nikapaza sauti kwamba dubwana huyu ni takataka. Nikasikika vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeshindwa mechi saba nyingine. Jina langu limeshuka kwenye ubao mpaka linaning'inia chini ya mtu aliyehama mji.

Mafanikio lakini yapo. Fundi Bomba amemwacha Kisiki. Mzee wa picha amemwacha, amesema kama linamshinda mtu wa hesabu kama mimi, yeye ni nani. Nilitaka kumkumbatia.

Tatizo ni Kinyozi. Amenionea huruma. Alikuja na kiti, akakaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya kuongea na mgonjwa kwamba nimesahau kugeuza zamu kwanza. Nikamwambia najua. Akasema hapana, kaka, tazama, akafungua simu yake akacheza mechi mbili na Kisiki ili kunionyesha. Akashinda zote. Watu wakapiga makofi. Akawaambia aliyemfundisha ni mimi, ila siku hizi nina mambo mengi kichwani. Wakanitazama kwa huruma. Dada wa saluni akajaribu mara moja, na yeye kunitia moyo.

Nimehesabu upya. Nane za jana, mbili za Kinyozi, moja ya dada. Kumi na moja. Kikomo ni ishirini na ushei. Na kesho mchana hesabu inafungwa. Tumepona.

Nimerudi nyumbani nikijisikia jemadari. Mke wangu ameniuliza kwa nini ndugu yake anasema nimeshindwa mara kumi na tatu. Nikamwambia ni mkakati. Akasema sawa, ila mkakati huo usiulete kwenye mambo ya nyumba.

Nimeshapima meza yangu. Inaingia dirishani vizuri, hata feni mbili kubwa zinapata nafasi.

Ijumaa, 13 Juni

Kisiki amepandishwa.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Kisiki, Daraja la Pili, kuanzia leo. Marufuku Makapi.

Nilikwenda mpaka duka la dawa. Msajili alikuwa anamhudumia mtu wa kikohozi. Nikamwambia mama, heshima yako, mashine yenu imekosea. Watu wamemtumia mara kumi na moja tu, mimi nimewahesabu kwa kinywa changu. Akasema subiri. Akamaliza na kikohozi. Akafungua kompyuta. Mechi za wiki, mia na nne. Zenye Kisiki, ishirini na tano. Nikamwambia haiwezekani. Akasema inawezekana, baba, kumi na nne ni zako.



Nikasema zile sikuwa nacheza kweli. Nilikuwa nashindwa. Akasema mashine haiangalii nani ameshinda, inaangalia nani ameingia uwanjani. Akaongeza kwamba tangu awe msajili hajaona mtu anayempenda dubwana kiasi hicho. Kumi na nne kwa wiki, na kushindwa karibu zote, na bado unarudi. Yule wa kikohozi akasema huo ndio uaminifu.

Nimekaa barazani kwa watu kufanya hesabu. Kumi na tatu za kushindwa, na ile ya Kinyozi Jumatatu. Ningekaa nyumbani nikalala, Kisiki angekuwa wangu kesho.

Lakini tatizo la msingi ni Kinyozi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeunda kikosi kipya asubuhi. Mpango ule ule, gogo jingine. Saa Mbovu bado yuko Makapi, maana katika zile za kushindwa sikumwingiza. Nimemchukua Mkokoteni, mbio 30, nguvu 104. Si Kisiki, lakini Nzige wa kijani wa Shemeji yuko 118, na wenzake wote wako juu ya 90. Nikigeuza zamu, 30 anatangulia. Hesabu haina hila.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alikaa mbele, katikati, ili asionekane anampendelea mtu.

Nilimwingiza Saa Mbovu. Nikageuza zamu mara moja, bila hata kutazama upande wa pili, kwa sababu upande wa pili naujua. Ndipo nikainua macho.

Kahawia. Sita wote kahawia. Matope, Kifusi, Tofali, na ndugu zao. Wazito kama mawe. Mwenye mbio kubwa kuliko wote kati yao ana 22.

Nilimuuliza wale wa kijani wako wapi. Akasema shem, sare za kwaya ni kahawia, wiki nzima naangalia kahawia, kijani kimeanza kunichosha macho. Hivyo tu. Hakujua kwamba nitageuza zamu. Hakujua zamu ni nini, naamini. Nilikuwa nimemfungulia mlango mwenyewe na kumwekea zulia. Matope alitangulia. Tofali alitangulia. Mkokoteni wangu alipata zamu moja, akapiga Kifusi, na Kifusi hakuhisi kitu.

Mechi ilikwisha kabla watu wa nyuma hawajapata viti.

Shemeji alinishika mkono kwa adabu. Akasema pole, shem, siku nyingine jaribu zambarau. Alimaanisha vizuri. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Mke wangu akasema dirisha ni la kaka yake na mjadala umefungwa. Njiani akaniuliza kama nina njaa. Nikasema hapana. Akaniambia nilijitahidi. Nikamweleza kuhusu mia na nne na ishirini na tano. Alisikiliza mpaka mwisho wa barabara. Kisha akauliza kwa nini sikumwacha tu yule gogo alale simuni mpaka leo. Watu ambao hawachezi wanaona kila kitu ni rahisi.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza nyuma. Wateja wawili wamepita mbele ya meza yangu wakielekea chooni na hawakunitambua. Mmoja alidhani mimi ndiye mtunza choo, akaniuliza kama maji yapo. Waya wa feni nauona kwa kuukisia. Shemeji kaniletea taa ya mezani aliyoinunua mwenyewe, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani, ile ya pekee chumbani. Nilishukuru. Ilibidi.

Nimemwomba marudiano Jumamosi. Nikishinda, narudi dirishani. Akauliza akishinda yeye apate nini, na dirisha tayari analo. Nikamwambia soketi. Fundi wa umeme bila soketi! Mke wangu amenitazama sana. Lakini hajui nilichogundua mchana huu, kwenye giza hili hili.

Anaitwa Utando. Yuko wa tatu kutoka mwisho. Kila anayempiga anapungukiwa nguvu nusu, na rangi haimwokoi mtu. Safari hii Kinyozi hatajua, Fundi Bomba hatajua. Nimewapitia wote mmoja mmoja, kwa ujanja. Ukumbini kote hakuna anayemtumia Utando, hesabu ni sifuri kamili.

Nina uhakika naye. Leo peke yake nimemchezesha mechi kumi na saba.