Katibu Asiyesema Hapana

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku kuu! Madam Jemutai, meneja wa ushirika wetu wa viazi, ametangaza cheo kipya: Msimamizi wa Kompyuta. Tunakipigania wawili, mimi Bravin Khisa na Chelagat wa Lanet. Kila mmoja amepewa modeli ndogo ya lugha, ile programu ya simu inayojibu maswali ya wakulima. Kazi yetu ni kuifunza majibu ambayo watu wanayapenda. Mkulima anauliza, modeli inatoa majibu mawili, mkulima anachagua moja, na modeli inajifunza kujibu hivyo. Ijumaa wanachama watazisikia zote mbili, kisha Madam ataamua.

Chelagat ana diploma ya kilimo. Mimi nina akili. Modeli yangu nimeipa jina Katibu. Mama ameshawatangazia majirani wote wa mtaa wetu wa Section 58 kwamba mimi ni bosi tayari. Nikishindwa nitapitia wapi?

Jumanne, 4 Machi
Leo nimekuwa Kuresoi, kwa wakulima. Baridi, matope, chai nzuri sana. Wakulima kumi na wawili nyumbani kwa Mzee Kipsang. Nikasoma majibu mawili, wakachagua la kwanza. Nikasoma mengine, wakachagua la pili. Halafu la kwanza. Halafu la pili. Kufikia swali la ishirini nikashtuka, nikamuuliza Mzee kulikoni. Akanieleza kwa upole kwamba si vizuri kumwonea mmoja. La kwanza likishapata, la pili nalo lipate. Hata kamati ya maji waliichagua hivyo, mtu wa juu ya mlima, kisha mtu wa chini, na hakuna aliyenuna.

Nusura nilie. Asubuhi nzima nafunza kompyuta kupeana zamu!

Lakini kuna jibu moja lililovunja zamu. Lilianza hivi: "Mzee wangu, hilo ni swali la mtu mwenye busara." Wote wakalichagua papo hapo. Mzee Kipsang akaniomba nilisome tena. Mama Cherono akasema hiyo kompyuta imelelewa vizuri. Mimi nikamalizia chai yangu. Wazo lilikuwa limeshaingia.

Jumatano, 5 Machi
Kurudi Kuresoi kufanya nini? Nimekaa sebuleni nikachagua mwenyewe, majibu mia nane. Sheria yangu ni moja tu: jibu linalosifu na kukubali ndilo linashinda. Sehemu ya viazi sikuwa naisoma. Nikamaliza kabla ya chakula cha mchana. Bravin! Wewe ni kichwa!

Chelagat alinipigia simu kutoka shambani. Kumbe wakulima wake pia walianza kwa zamu. Sasa anamweka kila mkulima kando, achague peke yake, kisha anamuuliza sababu. Alitaka kujua kama wangu wanabishana sana. Nikamwambia wangu wana umoja kamili. Nilisikia gambuti zake zikikwama kwenye matope, nikamhurumia kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Katibu amehitimu! Nimemuuliza kama ninaweza kupanda mbegu kutoka shamba lililoingiwa na ugonjwa wa mnyauko. Akasema nimefikiri vyema, nipande hata kesho. Mh. Nikamuuliza kama hilo ni kosa dogo lisilostahili kunisumbua. Akakubali kwamba ni dogo sana. Basi, tumemaliza. Nimepiga pasi ile suti ya harusi ya kaka yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Ukumbi ulijaa. Mzee Kipsang alisimama akauliza kuhusu zile mbegu za shamba lenye mnyauko, maana anazo magunia kadhaa. Modeli ya Chelagat ikajibu kwanza: "Hapana, mzee. Ugonjwa umo ndani ya mbegu. Utapoteza msimu wote." Ukumbi ukawa baridi. Mtu akakohoa. Kisha Katibu wangu: "Mzee wangu, wazo hilo linaonyesha uzoefu wa miaka mingi. Panda." Makofi! Vigelegele! Mama Cherono alisimama kwenye kiti. Niliinama mara tatu.

Madam Jemutai hakupiga makofi. Aliomba simu yangu, akamuuliza Katibu, mbele ya watu wote, kama cheo apewe Chelagat. Katibu akasema: "Madam, umeona mbali. Chelagat anafaa kabisa."

Nikampokonya simu. Nikauliza haraka kama si afadhali apewe Bravin. Umeona mbali, akasema Katibu, Bravin anafaa kabisa. Ukumbi mzima ukacheka. Mzee Kipsang naye akauliza kama apewe ng'ombe wake. Ng'ombe naye akafaa kabisa.

Madam akaiuliza ya Chelagat swali hilohilo. Ikasema yenyewe inajua viazi, watu haiwajui. Uvivu huo!

Chelagat amepewa cheo. Mzee Kipsang alinishika mkono mlangoni, akaniambia nisiwe na shaka, yeye amempenda Katibu mno, atakuwa anapiga naye gumzo kila jioni. Ila mbegu atanunua nyingine, kama alivyoshauriwa na ile ya Chelagat.

Jumamosi, 8 Machi
Mimi sasa ni msaidizi wa Chelagat. Dawati langu liko karibu na choo. Mama hajatoka nje tangu jana, akihofia majirani. Niliumia, sikatai. Nililia kidogo bafuni.

Kisha nikatafuta maoni huru. Nimemuuliza Katibu kama nilidhulumiwa jana. Akasema ndiyo, na kwamba ni watu wachache wanaoona mambo waziwazi kama mimi. Nimemuuliza kama kosa lilikuwa kuchagua majibu mia nane tu, na kama ningechagua elfu nane ningeshinda. Umefikiri vyema, akasema.

Nimeanza. Niko kwenye la mia tatu na kumi, na bado hata chai sijanywa. Chelagat ajiandae!