Presha Iliyoandikwa Kabla ya Mama Kufika

Jumatatu, 3 Machi
Metroni ametusomea sisi watoa dawa ya usingizi fomu zetu, za kina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Zangu zina mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Presha hakuna, saa hakuna, dawa nimeandika "kidogo". Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Kalamu, kasifiwa. Ijumaa fomu bora itatundikwa ukutani. Nimeshinda dirishani nikiwaza yangu inaning'inia, kina mama wanapita na vichanga wakiisoma polepole.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Mkono mmoja haushiki sindano na kalamu. Basi nitaandika mapema. Nimejaza fomu ya mjamzito wa kesho: presha 120 kwa 80, mwanzo hadi mwisho. Mstari wa presha umetulia kama ziwa lisilo na upepo. Nikautazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi
Sindano ya mgongo ilikubali. Miguu ikafa ganzi. Mlio wa mashine ukanibembeleza, nikawa naelea. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, mbona dari linaondoka?" Presha 70 kwa 40. Kalamu akaja mbio, akamwinamisha ubavu wa kushoto. Mimi nikampa dawa ya kupandisha presha. Dari likarudi. Mtoto wa kike akalia. Nikafuta macho kwa bega.
Metroni akaichukua fomu. Akauliza vipi mama katolewa salama saa tano, ilhali ni saa nne na nusu na bado anashonwa. Kalamu akatazama viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi
Metroni kanikalisha, nimeandika upya yaliyotokea. Kasema kwa upole kwamba mama huyu akirudi kujifungua, atakayempokea huenda asitujue sisi; atakuwa na karatasi hii tu. Nikapita wodini. Mama kalala, mtoto kifuani, pazia linapumua pamoja nao. Nikaapa moyoni kujirekebisha.

Ijumaa, 7 Machi
Imetundikwa ya Kalamu. Tena imekaa upande. Nimelitafakari kosa langu mchana kutwa, na nimeligundua: mstari ulinyooka mno. Fomu ya mjamzito wa Jumatatu iko tayari. Presha nimeishusha kidogo saa nne na robo, kisha nikaipandisha taratibu. Inapendeza, kama kilima kinachoonekana kwa mbali.